Ndicho Hiki?

Mbele ya nyumba tunayopanga Mbagala kuna kontena la futi 20 ambalo Mangi amelitoboa dirisha, akalipaka rangi ya bluu na kuligeuza duka. Naanza na kontena kwa sababu ndilo lililoniponza.

Ilikuwa mwezi wa pili wa ndoa yetu. Umeme ulikatika mtaa mzima, tukatoa mkeka nje kutafuta upepo, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Dar es Salaam nikaziona nyota zimejaa. Kimondo kikapita upande wa baharini, kufumba na kufumbua. Mke wangu, mtu wa Pangani, akasema bibi yake alikuwa akiwaambia kwamba kimondo ni jiwe la moto: majini hupanda juu kudukiza mazungumzo ya malaika, wakigundulika hutupiwa hilo. Ndiyo maana hukioni kikitua, akasema. Kinaishia mgongoni mwa jini.

“Kwetu tunacho,” nikamwambia.

“Mnacho nini?”

“Kimondo. Kilianguka, kipo Ndolezi. Ukitaka unakikalia.”

Akacheka, akidhani namtania. Nikaapa. Akauliza kina ukubwa gani, nami nikatafuta gizani kitu cha kupimia, macho yakaangukia duka la Mangi.

“Kama hilo kontena.”

Sikusema uongo. Yaani, nilisema uongo, ila sikujua. Ndolezi nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa darasa la tatu, kwa miguu, na wali wa baridi kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Mwalimu alitunyanyua mmoja mmoja kutupandisha. Kwa mtoto wa miaka tisa, kitu ambacho mpaka unyanyuliwe ndipo ukipande hakina kipimo kingine zaidi ya mikono ya aliyekunyanyua. Nikakiweka kichwani kikiwa cha ukubwa huo, kisha mimi nikakua na chenyewe kikakua pamoja nami, kwa uwiano uleule, hadi kikafika ukubwa wa kontena bila mimi kushtuka.

Kwa asiyekijua: Kimondo cha Mbozi ni pande moja la chuma lililopo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, sehemu tuliyokuwa tukiita Mkoa wa Mbeya na ambayo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe. Urefu wake ni mita 3 na ushei, kimo chake mita 1 na ushei, na uzito unakadiriwa kuwa tani 16, ingawa vipo vitabu vya zamani vilivyoandika 12. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Kile cha Hoba, Namibia, kilichokutwa na mkulima shambani mwaka 1920, kina tani zipatazo 60, lakini hilo mwalimu wetu hakuona haja ya kutuambia.

Watu wa Moshi wana raha yao. Cha kwao kina mita 5,895, kinajionyesha chenyewe, na kikijificha mawinguni lawama ni za mawingu. Cha kwetu lazima ukifuate, na ukishakifikia lazima ukieleze.

Basi tulikwenda Julai, mwaka wa pili wa ndoa. Safari ya basi sitaieleza. Kila aliyewahi kutoka Mbezi alfajiri akafika Vwawa usiku, nyuma ya foleni ya malori ya Tunduma, anajua magoti yanavyokuwa. Mke wangu alilala Mikumi, akaamshwa na kona za Kitonga, na tulipofika alishuka akiwa amejifunga khanga zote mbili kichwani. Baridi ya Mbozi mwezi wa saba inamliza mtu wa pwani. Mama yangu aliitikia shikamoo yake, akamwita mwanangu, akamwekea kigoda karibu kabisa na jiko la mkaa, na usiku kucha nikamsikia akiamka kumwongezea blanketi.

Asubuhi Mama akauliza tunakwenda wapi mapema yote hiyo. Nikasema Ndolezi, kumwonyesha mkweo kimondo.

“Kina nini?” akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Amezaliwa wilaya hiyo, amevuna kahawa yake miaka yote, na kimondo hajawahi kwenda kukiangalia. Anajua kipo, kama anavyojua ofisi ya mkuu wa wilaya ipo. Nikataka kumjibu kwamba ni maarufu, neno likaishia kooni, maana umaarufu ni jambo la watu walio mbali. Ukiwa Dar es Salaam au London kimondo ni maarufu. Ukiwa Ndolezi ni kitu kilicho njiani kwenda shambani.

Tulipanda bodaboda, watatu kwenye pikipiki moja. Ukiacha lami unaingia barabara ya vumbi jekundu, na huku na huku ni mibuni na chanja za kahawa zilizotandazwa juani, na ile harufu ya maganda yaliyochacha ambayo mimi huiita harufu ya nyumbani na ambayo mke wangu aliiita, kwa adabu, harufu kali. Njia nzima nilikuwa nikimpigia kelele begani: bado kidogo, bado kidogo. Nilikuwa na furaha ya mwizi anayerudi alikoficha.

Tukalipa kiingilio cha wenyeji. Siku hizi kimondo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna uzio, njia iliyotengenezwa na jengo la maelezo, mambo ambayo utotoni hayakuwepo. Tukatembea hatua chache, nikasimama pembeni ili nisimzibe, nikanyoosha mkono.

Alikitazama. Akanitazama mimi. Akakitazama tena.

“Ndicho hiki?”

“Ndicho.”

“Hiki hiki?”

Kiswahili kimechomoa mengi kutoka kwenye neno kuona: kuonana, kuonekana, kuonea fahari, kuonea haya. Na kuonyesha, tukilifuata neno lenyewe, ni kumfanya mwingine aone. Hapo ndipo pana ubishi. Naweza kukufikisha mahali, nikakusimamisha, nikakugeuza na kichwa. Kuona utaona mwenyewe au hutaona, na utakachoona sina mamlaka nacho. Halafu kati ya kuonyesha na kujionyesha kuna silabi moja tu, ile ji, na nilipokuwa nimesimama pale na mkono umenyooka kama dalali wa viwanja, silabi hiyo nilikuwa nimeimeza. Nilisema namwonyesha kimondo. Nilichokuwa nikimwonyesha ni mimi, na yeye alikuwa ameangalia na kusema: hiki hiki?

Niliudhika. Ni aibu kuandika kwamba mtu mzima alimnunia mkewe kwa sababu ya jiwe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikaenda kusimama kivulini, nikajifanya nasoma bango ambalo maneno yake nilishayajua: chuma asilimia 90 na kidogo, nikeli karibu asilimia 9, kiasi kidogo cha shaba, salfa na fosforasi.

Nimelifikiria sana nuno lile tangu hapo. Kwa nini liniume? Sikukitengeneza mimi kimondo. Wala babu yangu hakukitengeneza. Kama angeniambia chai ya Mama haina sukari ningecheka.

Siku ya ndoa yetu walikuwepo mashahidi. Waliandika majina, wakatia saini kwamba walituona. Lakini ushahidi ule ni wa siku ile na kuendelea. Miaka 31 niliyoishi kabla ya hapo, mke wangu hana uthibitisho wowote juu yake isipokuwa maneno yangu. Hakumkuta baba yangu. Hakuniona nikiogopa radi. Hajui sauti ya kengele ya shule yetu, iliyokuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa nondo. Anapaswa kuniamini tu, na kumwamini mtu ni kazi nzuri lakini ya upweke, kwa anayeamini na hata kwa anayeaminiwa.

Nadhani ndiyo maana watu huwapeleka wapenzi wao kwenye milima na mapango na maporomoko ya kwao. Wa Mwanza atampeleka mwenzake ufukweni akalione Jiwe la Bismarck. Mjaluo wa karibu na Kisumu atampeleka Kit Mikayi, ambalo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza, na hapo ajiandae kwa maswali. Tunadai tunawapeleka kutalii. Kumbe tunatafuta kitu kilichokuwepo kabla hatujakutana, ambacho bado kipo, tukipandishe kizimbani kiseme: ndiyo, huyu namfahamu, alikuwa hapa. Maana wengine waliotakiwa kusema hivyo wameondoka. Bibi amezikwa. Shule imepakwa rangi nyingine na rimu imeuzwa kwa wanaonunua vyuma chakavu. Mti wenyewe umekatwa. Kimondo tu ndicho ambacho wanunuzi wa vyuma chakavu hawajaweza kukibeba.

Tatizo la shahidi wa aina hii ni kwamba ni bubu. Na hiki cha kwetu kina tatizo la pili: chenyewe hakina shahidi.

Hakuna aliyekiona kikianguka. Ungetegemea tani zote hizo za chuma zilizotoka angani zichimbe shimo la kutisha, lakini pale Marengi hakuna shimo. Wala Wanyiha, wenyeji wa nchi hiyo, hawana simulizi inayojulikana ya siku kilipotua, na watu hawasahau kirahisi siku mbingu ilipodondosha kitu. Wataalamu wanakubaliana katika jambo hilo moja, kwamba kilianguka zamani mno, muda wa kutosha udongo kuziba jeraha lake na vizazi kupita hadi asibaki wa kuhadithia. Kila aliyekifahamu alikikuta kipo.

Nao Wanyiha ni watu wa chuma. Kabla ya majembe ya dukani walikuwa wakijenga matanuri marefu ya udongo, wakiyajaza mkaa na mawe yenye madini, na kuyeyusha chuma cha kufulia majembe na shoka. Ilikuwa kazi ya kukata miti mingi na kukesha. Na huku kilimani limekaa pande zima la chuma kilichokwisha kupikwa kwingine. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini wazee hawakukifua majembe yote ya Mbozi wakapumzika. Akanijibu kwa swali: “Wewe ungeanzia wapi kukikata?”

Walioanza kukikata walikuja 1930. Mwaka huo mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, kutoka Johannesburg, alikiona na kutoa taarifa, na vitabu vinaanza kukihesabu hapo: kiligunduliwa. Kabla ya mwaka kwisha, D. R. Grantham, mtu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, akakikata kipande kwa msumeno, kipande cha sentimita chache tu, kikapelekwa Uingereza. Majina haya mawili yameandikwa. Majina ya waliokuwa wakipita kando yake kila siku na majembe begani hayakuandikwa, na sioni ajabu, kwa kuwa hata Mama angeulizwa leo angejibu: kina nini?

Pia tunavyokiona leo sivyo kilivyojiweka. Kilikuwa kimezama nusu ardhini. Wakachimba mfereji kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaijengea zege, kikabaki kimekaa juu kama mgeni rasmi. Tangu 1967 ni kumbukumbu iliyohifadhiwa kisheria. Kuna mtu, kabla yangu, alishakionyesha. Mimi nimekuja tu kurudia mkono wake.

Nikiwa bado kivulini nikasikia mke wangu anaongea na kijana wa maelezo. Kijana alikuwa ameanza hotuba yake aliyoikariri, ile ya kuanzia “mnakaribishwa sana wageni wetu”, na mke wangu alikuwa amemkatisha.

“Hapa amekatwa na nani?” Ameshika ule mkato wa Grantham. Alisema amekatwa, kama anayemzungumzia mnyama au mtu.

Kijana akaeleza habari za msumeno. Akaonyesha na picha ya jinsi vimondo vya aina hii vinavyoonekana ndani vikikatwa, vikasuguliwa na kumwagiwa asidi: mistari mingi inayopishana kwa pembe, mipana na myembamba. Akasema michoro hiyo haiwezi kutengenezwa kiwandani, kwani chuma na nikeli hujipanga hivyo pale tu vinapopoa polepole kupita kiasi, ndani kabisa ya gimba lililovunjika zamani huko angani. Ni mabaki ya wakati sayari zinaundwa, miaka zaidi ya bilioni 4 iliyopita.

Mke wangu akaisogeza picha karibu. “Huu si ukili?” akasema. “Mume wangu, njoo uone. Huu ni ukili kabisa, wa mkeka.”

Nikaenda. Ulikuwa ukili. Mara ngapi nimeiona picha ile kwenye simu yangu na kusoma maelezo yake, wala sijawahi kuona mkeka, kwa kuwa kwetu hatukui tukiwatazama bibi zetu wakisuka miyaa barazani. Kijana wa maelezo naye akacheka na kusema atalitumia hilo kwa wageni wengine.

Ndipo akaanza kukigusa, na hili nilitazama vizuri kwa sababu nuno lilikuwa linaniishia. Uso wa kimondo una rangi ya kahawia nzito inayokaribia weusi, na una vishimo vifupi vifupi, kama donge la ugali lililobonyezwa kwa dole gumba likasahauliwa. Ni moto wa kushuka uliovichimba. Sehemu ya juu ambako watu hukaa kupiga picha imeng’aa kwa makalio ya miaka mingi. Akatia dole gumba lake kwenye kishimo kimoja, likaenea. Akahamia kingine, likapwaya. Alikuwa akipitia kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama anayechagua nyanya, hadi akazunguka upande wa pili. Akalaza kiganja chote. Ilikuwa bado asubuhi.

“Kina baridi kama sufuria lililolala nje,” akasema. Akakigonga kwa pete ya ndoa: ting, fupi, halafu kimya. Akagonga tena akiinamisha sikio. “Wala hakiitiki. Ni kizima ndani.”

Kisha akanyamaza muda, na aliposema tena alisema kwa sauti ndogo, kwa Kipangani chake cha kuvuta: “Kwa hiyo huyu jini alipigwa hapa. Masikini, kutoka Pangani kuja kufia kwenye baridi yote hii.”

Nilikuja nikiwa nataka auone utoto wangu, na hapo alikuwa amesimama na wa kwake. Bibi yake alikuwa pale, mkeka ulikuwa pale, majini wa mwambao walikuwa pale, na mimi mwenyeji nilikuwa natambulishwa kwa kitu cha kwetu. Sikulipenda jambo hilo mara moja. Mtu anayeonyesha hutaka kubaki na neno la mwisho. Lakini ukilitazama, kimondo hakijawahi kuwa cha mtu wa Mbozi kuliko mwingine. Kimetoka mbali kuliko mke wangu, kimekuja bila ukoo wala salamu, na tumekiweka kwenye zege na kukiita chetu. Kama kuna kitu wilayani petu ambacho mgeni ana haki sawa nacho na mwenyeji, ni hicho.

Bado kuna swali lililoniumiza kuliko “ndicho hiki”. Aliniuliza, sasa kwa upole, “Ulikuwa umesimama wapi? Siku ile ya shule.”

Nikageuka huku na huku. Sikujua. Njia tuliyokuja nayo darasa la tatu imezibwa na uzio. Mti niliokalia kula wali wangu, kama ulikuwepo, haupo, au upo ukiwa mwingine. Nilijaribu kukisimamisha kile cha zamani juu ya hiki cha sasa, vikakataa kulingana, kama miwani ya mtu mwingine. Nikasema, labda hapa. Nikasogea. Au hapa.

Yeye hakungoja nipate. Akachagua upande, akasimama karibu kabisa na zege, akaweka kiganja usawa wa kifua chake, namna tunavyoonyesha kimo cha mtoto. Kimo cha ng’ombe mkono hukaa vingine. “Mtoto wa miaka tisa yuko hapa,” akasema. “Tena wewe ulikuwa mfupi, Mama ameniambia.” Akaushusha kidogo. Kisha akainama, akachuchumaa hadi macho yake yakafika kilipokuwa kiganja, na kutoka huko chini akatazama juu.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kijana wa maelezo akaona aibu, akaondoka kwenda kupokea wengine.

“Eh,” mke wangu akasema kutoka chini. “Kikubwa.”

Nimejaribu kueleza kilichotokea hapo kwa watu wawili watatu na sijafanikiwa. Hakuona nilichokiona mimi. Hilo haliwezekani, na hata mimi siwezi tena. Alichofanya ni kwenda pale ambapo mtu angeweza kukiona, akachuchumaa penye kimo changu cha zamani, kwenye udongo, akiwa na khanga mpya. Ushahidi wa kizimbani haukubali kitu kama hicho. Shahidi lazima awe alikuwepo. Yeye hakuwepo, na alikuja kuwepo baadaye, kwa kuchuchumaa.

Nisiongeze chumvi, kwa sababu kulikuwa na gharama pia. Kile kimondo changu, kikubwa cha kutisha, chenye mikono ya mwalimu chini ya kwapa zangu, sikioni tena. Nilikibeba miaka 24 bila kupungua hata kidogo, kikaisha asubuhi moja. Sasa hivi nikifumba macho na kusema Ndolezi, kinakuja hiki cha mita 3 na ushei, na juu yake kuna kiganja cha mwanamke kinachochagua vishimo. Wanaowapeleka wapenzi wao kwenye vitu vya kwao hawaambiwi hili. Unadhani unakwenda kugawana, kila mtu abaki na nusu yake. Unarudi hujui chako kiko wapi. Ningejua mapema, pengine ningempeleka kuona kitu kingine nisichokijali sana, maporomoko ya maji, nikakiacha cha Ndolezi nyumbani kichwani mwangu kikiendelea kukua. Na ningekuwa mpumbavu, lakini ningekuwa nacho.

Tulirudi Vwawa mchana kwa bodaboda ileile, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama akamwuliza mkwewe ameonaje. Mke wangu akasema, “Mama, kizuri, ila kinahitaji blanketi.” Wakacheka wote wawili, wakaanza kuchambua maharage, na nikaona kwamba mimi sihitajiki.

Usiku ule akaniambia kuhusu mapango ya Amboni, ambako alipelekwa akiwa mdogo, karibu na mji wa Tanga. Kwao walikuwa wakisema kuna njia ndani ya mapango inayokwenda hadi Mombasa, na nyingine inayotokea Kilimanjaro; mbwa aliingia upande huu, akatokea upande ule akiwa amebabuka manyoya. Akasema nikipata likizo atanipeleka. Nikauliza mapango yenyewe ni makubwa kiasi gani. Akafungua mdomo kujibu, kisha nikamwona anaufunga, anafikiri.

“Tusubiri tufike,” akasema.

Hatujafika bado. Wiki mbili baada ya kurudi Mbagala, umeme ukakatika tena, jirani yetu wa chumba cha pili akaja kukaa nasi nje. Mke wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi kwa mwanga wa simu, mimi namenya vitunguu. Jirani akauliza habari za safari, akaambiwa za baridi, za kahawa, za Mama, na za jiwe lililodondoka kutoka mbinguni.

“Jiwe! Lina ukubwa gani?”

Mke wangu akaacha kukuna. Akafuta mkono kwenye khanga, akanyoosha kidole gizani kuelekea duka la Mangi.

“Kama hilo kontena,” akasema.

Jirani akageuka kulitazama kontena. Mimi nikachukua kitunguu kingine.